Mshtakiwa Wetu: Kura ya Kenya ya 2013 na Bei ya Kumwadhibu Mtu wa Nyumbani

Jumamosi ya 16 Aprili 2016 uwanja wa Afraha mjini Nakuru ulifurika. Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake, William Ruto, walikuwa wameitisha mkutano wa shukrani. Siku 11 kabla ya hapo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilikuwa imeisimamisha kesi ya Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang. Ile ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014. Basi watu wakaomba, wakaimba, wakahutubiwa, wakarudi nyumbani.

Mji wenyewe ndio unaoipa siku hiyo uzito. Januari 2008 Nakuru ilikuwa miongoni mwa miji iliyomwaga damu nyingi zaidi baada ya uchaguzi, na uwanja wake wa maonyesho ya kilimo ukageuzwa kambi ya wakimbizi wa ndani. Miaka minane baadaye, mwendo mfupi tu kutoka hapo, watu wa jamii mbili zilizokuwa zikikimbizana kwa mapanga na mishale wakakaa pamoja kushukuru kwamba viongozi wao hawatajibu tena lolote kuhusu yaliyotokea. Waliouawa hawakuwa na msemaji jukwaani.

Maelezo ya haraka ya kisa hiki ni kwamba Wakenya hupiga kura kikabila, basi. Sikubaliani nayo. Yanamfanya mpigakura aonekane kama kondoo, na niliifuata kampeni ya 2013 kwa karibu kiasi cha kujua kwamba kondoo hawakuwepo. Watu walikuwa na hesabu zao, na hesabu hizo ndizo ninazotaka kuzifungua hapa: ilikuwaje tuhuma nzito kuliko zote kuwahi kumkabili mwanasiasa wa Kenya ikawa tiketi ya kumpeleka Ikulu?

Turudi nyuma kidogo. Uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulimkutanisha Mwai Kibaki wa PNU na Raila Odinga wa ODM. Kibaki alitangazwa mshindi tarehe 30, akaapishwa jioni hiyo hiyo, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walihama makwao. Katika Bonde la Ufa pande zilieleweka bila kuuliza. Wakalenjin wengi walikuwa na Raila, na Ruto alikuwa mmoja wa vinara wa ODM. Wakikuyu walikuwa na Kibaki, na Uhuru alikuwa upande huo. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa tarehe 1 Januari likiwa na watu ndani. Kisasi kikafuata Naivasha na Nakuru baadaye mwezi huo.

Kofi Annan akaja, akapatanisha, ikazaliwa ile tuliyoiita serikali ya nusu mkate: Kibaki rais, Raila waziri mkuu, kila upande na mawaziri wake. Sijawahi kusikia mtu akiilaumu serikali ile kwa kuzima moto. Lakini iliacha shimo moja. Kila mwenye nguvu alikuwa ndani, na hakuna aliyebaki nje wa kumuuliza aliye ndani.

Februari 2010 ilionyesha shimo hilo lilivyokuwa na kina. Kulikuwa na kashfa mbili mezani, ya mahindi na ya fedha za elimu ya msingi bila malipo. Raila alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu Ruto, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, na Sam Ongeri wa Elimu. Siku hiyo hiyo Kibaki akasema waziri mkuu hana mamlaka hayo, na mawaziri wakabaki. Ukiangalia mjadala uliofuata, mahindi yalitoweka mara ya pili. Watu walibishana nani ana mamlaka ya kumfuta nani, na kwa nini anayeandamwa ni mtu wa jamii fulani. Swali la nani alikula likageuka kuwa swali la nani anaonewa. Mbinu hiyo ingerudi baadaye, kubwa mara mia.

Waki alikuwa amefunga majina ya washukiwa wakuu ndani ya bahasha na kuikabidhi kwa Annan. Sharti lilikuwa wazi: Kenya iunde mahakama yake maalumu au bahasha iende The Hague, makao ya ICC. Februari 2009 mswada wa kuunda mahakama hiyo ulianguka bungeni. Kuna waliouangusha kwa kuwa hawakuamini mahakama yoyote ya nyumbani. Kuna waliouangusha kwa kuwa The Hague ilionekana mbali, na mbali kulimaanisha kamwe. Bunge zima halikuwa na hamu ya kuzihukumu pande zote mbili kwa wakati mmoja. Bahasha ikasafiri.

Tarehe 15 Desemba 2010 mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo akataja majina sita. Upande wa ODM ulikuwa na Ruto, Henry Kosgey na Sang. Upande wa PNU ulikuwa na Uhuru, Francis Muthaura na Mohammed Hussein Ali. Watatu kwa watatu. Mpango huo ulionekana wa haki, kwani hakuna jamii ambayo ingesema imelengwa peke yake. Matokeo yake yalikuwa kinyume kabisa. Kila upande ulihisi umelengwa, na juu yake ukapata mwenzake wa kulia naye. Majaji walipothibitisha mashtaka dhidi ya wanne Januari 2012, Uhuru na Ruto walikuwa wamekwisha kuwa kitu kimoja. Wote wawili walikana mashtaka tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna aliyepatikana na hatia.

Aprili 2011, waliporudi kutoka The Hague walikofika mbele ya majaji kwa mara ya kwanza, walipokelewa Uhuru Park na umati kana kwamba wametwaa kombe. Mikutano ya maombi ikaenea Bonde la Ufa na Mlima Kenya. Mchungaji anafungua, kwaya inaimba, mwanasiasa anafunga kwa kusema kinachoshtakiwa si yeye, ni sisi. Neno hilo "sisi" ndilo lililofanya kazi yote. Mashtaka ya jinai kwa kawaida humhusu mtu mmoja mwenye jina na kitambulisho. Hapa yakahamishiwa kwa watu mamilioni ambao hawakuitwa mahakamani, na wao wakayapokea, kwa sababu kumbukumbu ya 2008 ilikuwa bado mbichi na kila mmoja alijua upande wake ulivyoumia. Ulivyoumiza ilikuwa habari ya kunong'onezwa.

Kampeni ya 2013 ilipoanza, Jubilee iliunganisha TNA ya Uhuru na URP ya Ruto. CORD iliunganisha Raila, Kalonzo Musyoka na Moses Wetang'ula. Hakukuwa na uhaba wa habari hata kidogo. Katiba mpya ya 2010 ilikuwa na Sura ya Sita inayodai uadilifu wa viongozi. Redio zote, za Kiswahili na za lugha za mama, zilijadili kesi asubuhi na jioni. Katika mdahalo wa urais wa Februari, wa kwanza wa aina yake nchini, Uhuru aliulizwa ataongozaje nchi akiwa mshtakiwa, akajibu kwamba hiyo ni changamoto yake binafsi na ataimudu. Raila akatania kwamba serikali haiwezi kuendeshwa kwa Skype kutoka The Hague. Watu walicheka, kila mmoja kwa kicheko chake.

Wenye kutegemea elimu ya uraia wanapaswa kukitazama kipindi hiki vizuri. Tunaambiwa mara kwa mara kwamba mpigakura akijua ukweli atachagua vyema. Mwaka ule alijua. Alijua kuliko alivyowahi kujua kuhusu mgombea yeyote. Mgawanyiko haukumziba masikio. Ulibadilisha maana ya kile alichokisikia, hata kila ushahidi mpya dhidi ya mtu wake ukawa ushahidi kwamba jamii yake inaandamwa.

Wageni nao wakachangia. Johnnie Carson, aliyesimamia masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alisema wiki chache kabla ya kura kwamba chaguo lolote litakalofanywa lina matokeo yake. Nchi za Ulaya zikasema zitakuwa na mawasiliano ya lazima tu na mshtakiwa wa ICC. Sidhani kama kuna kauli iliyoisaidia Jubilee zaidi ya hizo. Mtu aliyekuwa akisitasita Nyeri au Kericho alipewa sababu ya heshima kabisa: hampigii kura mshtakiwa, anampiga mkoloni kibao.

Mahakama za nyumbani zilipewa nafasi. Tarehe 15 Februari 2013 jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu lilisema halina mamlaka ya kuamua kama wawili hao wanastahili kugombea urais, kwani suala hilo ni la Mahakama ya Juu. Mtaani uamuzi huo ukatafsiriwa kwa maneno mawili, wananchi waamue. Nao wananchi wa ngome za Jubilee, ukiwauliza kuhusu mashtaka, walikuwa na jibu tayari: hayo ni ya korti, sisi tunachagua rais. Mpira ukapigwa huku, ukarudishwa kule, na hakuna aliyeudaka.

Tarehe 4 Machi waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha. Uhuru alipata kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07, na Raila 5,340,546. Ushindi wa duru ya kwanza ulipatikana kwa kura zipatazo 8,400 juu ya nusu. Mahakama ya Juu iliuidhinisha tarehe 30. Lakini takwimu ninayoiona nzito zaidi haiko kwenye jumla ya taifa. Iko Elgeyo-Marakwet na Bomet, ambako Uhuru alizoa zaidi ya asilimia 90 katika maeneo ambayo miaka mitano tu nyuma yalimfuata Raila kwa wingi wa kutisha. Kabila la watu hawa halikubadilika kati ya 2007 na 2013. Kilichobadilika ni adui. Ndiyo maana naona "ukabila" ni neno lililochoka. Linaeleza watu walisimama wapi, lakini halielezi kwa nini walihama.

Sasa tukae na mpigakura mmoja. Mfikirie mkulima wa Burnt Forest, au mwenye duka Naivasha. Anaamini moyoni kwamba aliyeshtakiwa anapaswa kwanza kujisafisha. Afanyeje? Kwenye karatasi ya kura hakuna kisanduku cha "namtaka mtu wetu, lakini asiye na kesi". Kwa kuwa mashindano yamekazwa yakawa ya farasi wawili, kumnyima Uhuru ni kumpa Raila. Na Raila, kwa masimulizi aliyolishwa miaka mitano, ni yule ambaye ushindi wake utamtoa yeye shambani kwake. Labda masimulizi hayo ni ya uongo. Lakini yeye ndiye alikimbia 2008 akiwa amebeba godoro, na si mchambuzi wa Nairobi. Ikulu ya Kenya inashika polisi, hatimiliki, kandarasi na ajira. Adhabu anayotaka kumpa mwanasiasa wake, ataitumikia yeye mwenyewe.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii huelezea woga, lakini kwa mtu yule ilikuwa hesabu. Uwajibikaji wa kura unasimama juu ya tishio moja tu: usipotenda vyema, nitamchagua mwenzio. Mgawanyiko unapofikia kiwango ambacho "mwenzio" ni hatari kwa maisha yangu, tishio hilo halitishi tena. Mwanasiasa analijua hilo kabla yangu. Anajua nimefungwa naye pingu moja, na anachohitaji ni kunikumbusha kila baada ya miaka mitano kwamba ule upande mwingine bado upo.

Upande wa pili nao haukuwa safi. Wafuasi wa CORD walidai haki ya The Hague kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa tayari kumuuliza Raila kuhusu mahindi, au kuhusu mradi wa Kazi kwa Vijana ulioendeshwa chini ya ofisi yake hadi Benki ya Dunia ikasitisha ufadhili mwaka 2011, walikuwa wachache. Ukimuuliza unaambiwa umetumwa na Jubilee. Siaya na Homa Bay zilimpigia kura kwa viwango vilevile ambavyo Murang'a na Nyeri zilimpigia Uhuru. ICC iliwapa Jubilee ngao, na ikawapa CORD joho la usafi ambalo hawakulitolea jasho.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Bonde la Ufa lilitulia 2013. Waliofyekana walipiga kura pamoja na jioni wakarudi makwao. Mtu aliyezika ndugu 2008 akisema kwamba amani hiyo ni tunda tosha la kura yake, siwezi kumwambia amekosea. Ninachoona ni kwamba bili ya amani hiyo ilipelekwa kwa wasiokuwepo mezani. Kesi ya Uhuru ilikwama baada ya mashahidi kujitoa, na Fatou Bensouda, aliyemrithi Ocampo, akilalamika kwamba serikali haikutoa ushirikiano. Ya Ruto iliishia kwa majaji kusema hakuna ushahidi wa kutosha kuendelea, huku Jaji Chile Eboe-Osuji akitaja kuingiliwa kwa mashahidi na shinikizo la kisiasa. Machi 2015 Rais aliomba radhi bungeni kwa maovu ya serikali zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa wahanga. Mfuko ulipigiwa makofi na pande zote. Kuufuatilia hakukuwa kazi ya upande wowote, kwa maana wahanga walikuwa wa pande zote, na katika siasa za pande mbili, mtu wa pande zote hana mwenyewe.

Kilichofuata kwenye utawala hakikumshangaza yeyote. Oktoba 2016, kashfa zikiwa zimeandamana, Rais aliketi Ikulu kwenye kongamano la kupambana na ufisadi akasema maneno ambayo Wakenya hawajayasahau: "Mnataka nifanye nini, jameni?" Rais aliyekuwa na hofu ya kuadhibiwa na wapigakura wake asingeuliza hivyo hadharani miezi 10 kabla ya uchaguzi. Yeye hakuwa na hofu, na alikuwa sahihi. Agosti 2017 ngome zilimrudisha. Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ilipoubatilisha uchaguzi tarehe 1 Septemba, wengi wa ngome hizo hawakuuliza tume ya uchaguzi ilikosea wapi. Waliuliza majaji wanatoka wapi.

Hata hivyo, watu hao hao walijua kuadhibu. Walifanya hivyo kwenye mchujo. Aprili 2017 wapigakura wa Jubilee kaunti ya Kiambu walimtupa nje gavana wao, William Kabogo, wakamteua Ferdinand Waititu. Ndani ya chama hakuna adui wa kuogopwa, kwa hiyo mkono haukutetemeka. Bahati mbaya ni kwamba mchujo hukimbizwa kwa siku chache, kwa vurugu na ahadi, na wanaoshiriki ni sehemu tu ya wapigakura. Na katika ngome, mwenye tiketi amekwisha kushinda. Waititu alifikishwa mahakamani 2019 kwa zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588, Seneti ikamwondoa Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikamhukumu miaka 12 jela au faini ya shilingi milioni 53.5. Fimbo ilikuwapo mikononi mwa watu wa Kiambu. Ila waliruhusiwa kuishika asubuhi moja tu kila miaka mitano, na gizani.

Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila wakashikana mikono kwenye ngazi za Harambee House, na ramani yote ya adui ikafutwa mchana kweupe. Waliotukanana miaka mitano kwa niaba yao wakabaki wamekodoa macho. Handisheki ilimtoa Ruto nje ya meza akiwa bado naibu rais, akapata fursa adimu ya kuipinga serikali ambayo ni yake. Deni la taifa lilikuwa limepanda kutoka karibu shilingi trilioni 1.9 mwaka 2013 hadi zaidi ya trilioni 8 mwaka 2022, unga umepanda, mafuta yamepanda, na safari hii Mlima Kenya ukaanza kuuliza maswali uliyokuwa umeyameza tangu Uhuru Park.

Ruto alikuwa mwandishi mwenza wa hesabu hizo kwa miaka yote ya mwanzo, na hilo halikumgharimu sana mlimani. Hapo uwajibikaji ulikuwa wa nusu mkate. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana kabila, hawana kiongozi na hawana chama, walimdai Ruto, ambaye sasa ndiye rais, sehemu ya pili ya bili hiyo. Akaliondoa pendekezo lake siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni. Wiki chache baadaye vigogo wa ODM wakaingia baraza la mawaziri, na maneno ya zamani kuhusu jamii ipi imesaliti ipi yakaanza kusikika tena.

Lakini tarehe 9 Agosti 2022 jambo moja lilitokea ambalo 2013 lisingewezekana. Uhuru aliwaomba watu wake wamchague Raila. Upande wa pili alisimama Ruto, mtu waliyekwisha kumpigia kura mara mbili kama mshirika, na mgombea mwenza wake, Rigathi Gachagua, alitoka Nyeri. Kumkataa Uhuru hakukuwa tena kujikabidhi kwa adui. Kaunti ya Kiambu ilimchagua Ruto kwa mbali. Gatundu Kusini, jimbo ambalo Uhuru aliliwakilisha bungeni kabla ya kuwa rais, likamchagua mbunge wa UDA, chama cha Ruto. Na katika Shule ya Msingi ya Mutomo, kituo ambacho Uhuru mwenyewe alipanga foleni akapiga kura yake, mgombea wake alishindwa.